Kwa Nasieku, Kuhusu Manta Niliyemgusa

Kitengela, Alhamisi jioni

Nasieku mwanangu,

Nakuona kupitia dirisha. Umeanika suti yako ya kuzamia kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka, na baba yako amesimama mbele yake akiuvuta mkono mmoja taratibu, kama anayekagua ngozi mnadani. Unacheka. Kesho asubuhi unakwenda Msumbiji, na mimi nimejifungia chumba cha mbele na karatasi kwa sababu nina neno ambalo nikilisema kwa mdomo nitaliharibu. Mdomo wangu unaujua. Ukipewa nafasi utaligeuza kosa liwe hoja, na hoja iwe ushindi, na chai ikipoa utakuta wewe ndiye unayeniomba msamaha.

Sitakuambia ule vizuri wala upige simu kila Jumapili. Una miaka ishirini na sita na unajua kujitunza mahali ambapo mimi hata kupumua nilifundishwa.

Leo mchana, tukila, baba yako alikuuliza huwa unawaambia nini wageni kabla hawajaingia baharini. Ukamjibu kwamba unaanza na mikono. Mikono ikae kifuani, hakuna kugusa, hata manta, yule samaki taa mkubwa, akija karibu namna gani. Akauliza, kwa ule utani wake wa pole, "Na huyu mgeni wangu hapa, alielezwa?"

"Huyu? Mara tatu," ukasema. "Na kwa Kimaa, ndio asiseme hakuelewa."

Mkacheka wote wawili. Kisha ukanigeukia na sura nyingine, ukaniuliza kama ile makala ya safari yetu ya baharini nilishaipeleka gazetini. Nikasema bado.

"Basi usiipeleke, Yeyo. Naomba hiyo tu."

Nikasema sawa, nikainuka kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nilikudanganya. Niliipeleka Jumatatu, na Jumamosi itatoka. Na ndani yake nimeandika kwamba sisi wageni hatukuelezwa lolote kabla ya kuteremka majini. Hukuwahi kuisoma, uliona kichwa chake tu juu ya meza yangu, kwa hivyo hukuwa na namna ya kulijua hilo. Mimi mwenyewe sikuliona nilipokuwa nikiliandika. Nililiona leo, nikiwa na kijiko mkononi, nilipokusikia ukisema mara tatu. Nilidhani nampiga mwenye kile kituo cha kuzamia. Aliyekuwa na kazi ya kueleza wageni siku ile ni wewe.

Acha nianze nyuma kidogo, maana hata wewe uliyekuwepo hujui yote.

Ulipoanza kazi ile Pwani nilisema mengi. Nilisema ni kubebea matajiri mitungi ya hewa. Nilisema watu wa Kajiado wanazika ng'ombe kwa ukame na msichana wao amekwenda kucheza na samaki. Nilisema hayo mezani, nikayasema kanisani, nikayasema hata kwa mhudumu wa duka la dawa aliyeniuliza tu habari zako. Hukunijibu hata siku moja. Mwaka jana ukanipigia simu ukaniambia, "Yeyo, kuja uone. Ukiona na bado useme ni mchezo, nitanyamaza." Nilijua huna tabia ya kuomba jambo mara mbili. Nikakubali.

Ukaja nyumbani wiki nzima kunifundisha kwenye bwawa la ile hoteli iliyo kando ya barabara ya Namanga. Watu waliokuja kula nyama choma waliiacha nyama kwenye ubao wakaja kututazama: mwalimu wa historia, mwanamke wa miaka hamsini na nne, mtungi mgongoni, amekaa kwenye sakafu ya bwawa kama mtu anayengoja basi. Mmoja akauliza kwa sauti kama maji ya Kitengela yameadimika mpaka tumeanza kuyafuata chini. Mimi nilitoa kichwa nje nimjibu, nikameza maji, ukanirudisha chini kwa mkono. Wiki ile ulikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Hukunikaripia. Uliniangalia machoni kupitia kile kioo, ukaonyesha kwa kiganja: vuta pole, toa pole. Nilikuwa napumua kwa fujo kama ninavyoongea.

Baharini pia ulinianzisha polepole, siku tatu kwenye kina kifupi, ndipo siku ya nne ukanipeleka kwa manta. Ndani ya boti tulikuwa wageni watano. Uliwaeleza wale wengine wanne kwa Kiswahili na Kiingereza, kisha ukaja ukaniketia karibu ukaanza upya kwa Kimaa. Ukaniambia huko chini kuna mwamba mmoja wa matumbawe, mkubwa kama boma la ng'ombe, na manta huja hapo kusafishwa. Wanatoka kwenye kina kikubwa, mmoja mmoja, wanapanga foleni. Samaki wadogo wanaoishi kwenye mwamba huwaingia mdomoni na kwenye matamvua, wanawatoa wadudu na ngozi iliyokufa, wanawasafisha vidonda. Sisi tunapiga magoti mchangani, mbali kidogo, chini. Hatuogelei juu ya mwamba. Hatumfuati anayeondoka. Na hatugusi, kwa sababu ana uteute mwilini unaomkinga na magonjwa, na kiganja cha mtu kinaufuta. Ukarudia mambo ya mikono. Boti iliposimama ukarudia tena, ukanifunga kile kidude cha kupumulia mdomoni, ukasema, "Leo nakupeleka mahali pekee duniani ambapo hutamjibu mtu." Wale wengine waliuliza umesema nini. Ukawatafsiria, wakacheka, na mimi nikacheka na plastiki mdomoni.

Sijawahi kukuambia nilichokiona, kwa sababu baada ya yaliyotokea sikuwa na haki ya kukieleza. Nitakueleza sasa.

Tulipopiga magoti sikuona kitu. Buluu, na mapovu yetu yakipanda. Nilianza kukasirika, kama ninavyokasirika popote ninaposubirishwa. Ndipo ile buluu ikawa na sehemu iliyokoza, na sehemu ile ikawa na mabawa. Nimesoma vitabu vingi, Nasieku, na nimeviandikia vingine maneno makali. Sikuwa na neno hata moja. Alikuwa mpana kuliko chumba hiki ninachoandikia. Hakupiga bawa kama ndege, aliliinua pole na kuliacha lishuke, na mwili mzima ukaja. Akafika juu ya mwamba akapunguza mwendo, akaufungua mdomo wake mpana, akasimama palepale ndani ya maji. Wale samaki wadogo, wembamba kama kidole, wakampanda. Mmoja aliingia mdomoni mwake kwa imani ambayo mimi sijawahi kuwa nayo na kiumbe yeyote.

Ulinigusa bega ukanionyesha tumbo lake lilivyo na madoa. Jioni iliyotangulia ulikuwa umenieleza kwamba kila manta ana madoa yake, hakuna wawili wanaofanana, na kwamba mnawajua kwa hayo. Nilikumbuka koko yako, mama yangu, alivyokuwa akisimama langoni jioni ng'ombe wakirudi, anawajua wote kwa rangi na mabaka, na akikosekana mmoja anamtaja kabla hata wa mwisho hajaingia. Huyu ulikuwa umempa jina la ng'ombe wa koko, Narok, kwa weusi wake. Nilielewa hapo kazi yako ni nini. Nilielewa kabisa, kwa mara ya kwanza, na nilikuwa na mpango wa kukuambia tukifika juu.

Kisha Narok akaacha mwamba akaja kwetu. Wengine wanne walibaki na mikono kifuani. Akaja kwangu. Akapita juu ya kichwa changu, akageuka, akarudi chini zaidi, akasimama mbele yangu na ile sehemu yake ya mbele imeinama. Niliona jicho lake. Liko upande, kubwa, na lilikuwa likinitazama.

Wewe unajua kwetu inakuwaje. Mtoto akija kukusalimia anainamisha kichwa, na wewe mkubwa unaweka kiganja utosini. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, kwenye malango ya watu, nje ya kanisa, kwenye mikutano, hata kwa watoto nisiowajua majina. Kichwa kikiinama, mkono wangu unakwenda. Nilinyoosha mkono nikamwekea kiganja.

Ngozi yake ilikuwa ya kukwaruza kama msasa, na juu yake utelezi. Alishtuka mwili mzima. Bawa lilinipiga maji usoni, kioo changu kikajaa, na nilipokisafisha hakukuwa na kitu. Manta wawili waliokuwa wakingoja nyuma yake walikuwa wameshageuka. Wale samaki wadogo walibaki juu ya mwamba wakizunguka, hawana mtu wa kumsafisha.

Hayo umeyaona. Usilolijua ni hili. Nilipokuomba msamaha ndani ya boti nilisema mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Nilimwambia hivyo baba yako. Niliandika hivyo kwenye makala, aya nzuri sana, kuhusu mila zetu na jinsi mzungu anavyoleta masharti yake bila kuuliza sisi tunasalimianaje. Mhariri aliisifu aya hiyo kuliko zote. Ni uongo. Mkono haukwenda wenyewe. Kwa muda wa pumzi moja, nimeishika ndani, nilikumbuka vizuri kabisa ulichoniambia. Nilisikia sauti yako, kwa Kimaa. Nikajiambia masharti yale ni ya watalii. Mimi sikuja kupiga picha. Mimi ni mama yako, mimi nimeelewa, nampenda Narok kuliko hawa wageni wote, na amekuja kwangu mwenyewe. Ndipo nikanyoosha mkono.

Huyo ndiye mama yako. Nimepigana maisha yangu yote na watu wanaodhani sheria ni za wengine. Nimewaandika kwa wino na kwa jina. Sikuwahi kufikiria kwamba kila mmoja wao, alipokuwa akivunja, alijiona amesimama upande wa haki, kama mimi pale mchangani.

Siku nne boti ilikwenda ikarudi bila kumwona manta hata mmoja. Siku ya tano mwenye kituo akakuita ofisini. Mimi nilikuwa nimeketi nje kwenye benchi, begi langu miguuni, na dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia ukimwambia, "Ni makosa yangu. Nilipaswa kukaa kati yake na mnyama." Hukunitaja. Alikuuliza kama ulinieleza masharti. Ukasema ndiyo, lakini kueleza hakutoshi, kiongozi ndiye mwenye jukumu. Akakuambia hawezi kukubakisha, wageni wamelalamika, na kwamba atakuandikia barua nzuri kwa sababu kazi yako anaijua.

Ilikuwa hatua sita kutoka benchi ile hadi mlangoni. Ningeingia nikasema, mzee, alinieleza, na nilisikia, na niligusa makusudi. Huenda asingebadili neno. Lakini ungekuwa umetetewa mara moja maishani mwako na mtu ambaye amewatetea watu wote isipokuwa wewe. Sikuinuka. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napanga sentensi ya kwanza ya makala.

Mtu huyo aliitimiza ahadi yake. Barua aliyokuandikia ndiyo iliyokupatia kazi hii ya Msumbiji, ya kupiga picha matumbo ya manta na kuandika nani amekuja na nani hajaonekana tena. Ulitoka pale bila kelele na hakuna aliyejua lolote. Uliniambia watu wa kuzamia wanajuana, ufuo huu wote hadi kusini, neno likitoka asubuhi jioni limefika. Ndiyo maana uliomba nisiandike. Haikuwa aibu, kama nilivyomwambia baba yako. Ulikuwa unalinda kitu kidogo kilichobaki.

Hii si mara ya kwanza, na wewe ulikuwepo mara ya kwanza pia. Ulikuwa darasa la saba. Unamkumbuka Mzee Lemayian, mwenye lile eneo la nyasi lililoshuka mpaka mtoni, ambalo hadi siku hizo halikuwa na waya hata mmoja. Nyumbu na punda milia walilipita wakitoka mbuga ya Nairobi, wewe na binti yake mkipanda juu ya tangi la maji kuwatazama. Miaka mingi nilikwenda kwake kumsihi asiuze wala asizungushe waya, na miaka yote alinipa chai ya maziwa matupu akasema, mwalimu, nyasi haziendi popote. Kisha mkewe akaugua akauza kona moja. Kona tu, ile ya barabarani. Mimi sikwenda kumuuliza. Nikaandika. Sikumtaja jina, niliandika kuhusu wazee wanaouza mgongo wa mama yao vipande vipande, na kila mtu kutoka hapa hadi Isinya alijua ni nani. Niliyoyaandika yalisomwa kwenye mikutano. Nilipigiwa makofi.

Mwezi haukuisha akaleta nguzo za uzio. Nilikwenda mbio kumzuia, wewe ukiwa nyuma yangu na sare ya shule. Alikuwa amesimama langoni na hakunikaribisha. Akasema, "Mama Nasieku, uliandika kwamba nimeuza. Sasa nimeuza."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira ningemjibu. Sasa ni maploti na nyumba za ghorofa na vumbi la machimbo, na ukipanda juu ya tangi lile utaona mabati. Mkewe alikufa na sikwenda matangani kwa sababu nilidhani nitafukuzwa. Nimekaa miaka hii yote nikieleza watu kwamba uwanda wa Kitengela uliuawa na madalali, na wanasiasa, na tamaa. Ni kweli. Lakini kipande kile kimoja, kile nilichokijua kwa miguu yangu, kiliuawa na mimi, kwa sentensi nzuri.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nataka ujue unakotoka, kwa sababu naogopa unaelekea kulekule. Ulinieleza mwenyewe kwamba mwamba wa siku ile ulikuwa na upande mzima uliopauka, mweupe kama mfupa, kwa ajili ya joto la maji. Ulinieleza manta huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka kabla ya kuzaa tena, na kwamba wanavuliwa kwa ajili ya matamvua yao. Unakwenda kushika daftari langoni kama koko yako, ila yeye aliona ng'ombe wakirudi. Wewe utaandika wasiorudi. Ningetaka kukuambia kwamba ukipenda kitu kwa bidii kitabaki. Mimi niliupenda uwanda. Hakuna nyumbu. Sina ushahidi wowote wa kukupa, na nimechoka kuwapa watoto wa watu matumaini darasani ambayo mimi mwenyewe siyashiki.

Labda utashinda kwa namna ambayo mimi sikuijua. Nakuona una utulivu ambao haukutoka kwangu. Lakini siwezi kuapa. Sioni.

Sasa nikuambie nilichokifanya leo baada ya chakula, ulipokwenda na baba yako kuangalia kuku. Nilimpigia mhariri simu, nikamwambia aitoe makala. Akasema kurasa za ndani za Jumamosi huchapwa mapema, zimeshachapwa, ziko kwenye mabunda. Nikamwambia nilidanganya. Tumefanya kazi pamoja tangu hujazaliwa. Akaniuliza, "Umedanganya kuhusu nini, mwalimu?" Nikamwambia: nimeandika hatukuelezwa, na tulielezwa. Mimi nilielezwa mara tatu, kwa lugha ya mama yangu. Nimeandika mkono ulikwenda kwa mazoea, na niliupeleka mimi. Akasema anaweza kuweka masahihisho Jumamosi itakayofuata, kwa maneno yangu mwenyewe, na kwamba ninajua maana yake. Ninajua. Nimewahi kudai watu wafukuzwe kwa madogo kuliko hayo. Nikamsomea masahihisho palepale, akayaandika. Hakuniaga.

Kwa hivyo kuna wiki nzima, kati ya Jumamosi na Jumamosi, ambapo maneno yangu yatatembea peke yao. Makala itakapotoka utakuwa katika siku yako ya pili huko. Mwenye kituo ataisoma, na ana haki ya kukasirika, maana alikutendea wema akalipwa hivi. Akiwapigia simu wa Msumbiji kuwaambia kwamba mama wa msichana wao mwenyewe ameandika hakueleza wageni, sina cha kuwazuia wasimwamini. Mama ndiye shahidi wa mwisho ambaye watu humtilia shaka.

Pamoja na barua hii kuna karatasi ya pili, ya ukurasa mmoja, nimeiandika kwa Kiingereza na kuitia sahihi. Inasema ulichonieleza, lini na mara ngapi, na kwamba nilisikia, na kwamba nilimgusa manta kwa hiari yangu. Haina aya nzuri. Unaweza kuitoa kwao kesho kabla hawajasikia lolote, au kuiweka mpaka ihitajike, au kuichana. Nyingine kama hiyo nimemwandikia mwenye kituo. Sijaituma. Nimejifunza kwa kuchelewa kuuliza kwanza. Ukisema niitume nitaituma leo, ukisema nisithubutu, basi.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshafika. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Kisha nikaona nafanya nini: nazungumza mahali ambapo huwezi kunijibu, kama nilivyofanya na Mzee Lemayian, kama nilivyofanya na kila mtu. Ingekuwa makala nyingine. Kwa hivyo nakuletea sasa, jua halijazama, ukiwa bado na jioni nzima ya kunikasirikia. Baba yako bado hajui. Mwambie wewe, au niambie nimwambie mimi, vyovyote.

Nitakuwa jikoni. Gari la kukupeleka uwanja wa ndege linakuja saa kumi na moja alfajiri, na uliwahi kusema tutakwenda wote watatu. Ukitaka niende, niambie. Ukitaka nibaki, mwambie baba yako achukue kiti cha mbele, nami nitaelewa, nitafunga lango nyuma yenu.

Mama yako